Kumbukumbu ya HP-41C ya marehemu baba: je, moduli zikichomolewa data itabaki?

Mrithi_Mbale

Salaam kwenu nyote. Marehemu baba yangu alikuwa mpima ardhi, na miongoni mwa vitu alivyotuachia hapa Mbale kuna kikokotoo cha HP-41C ambacho enzi za uhai wake hakuna mtoto aliyethubutu kukigusa. Kina matundu manne upande wa juu. Matatu ya kwanza yana moduli za kumbukumbu, na la nne lina moduli ya hesabu za upimaji. Mama amekuwa akikibadilishia betri kila alipokumbuka, kama vile baba alivyomfundisha, na kwa sababu hiyo kingali hai hadi leo.

Shida imeanza wiki iliyopita. Nilipokiwasha, neno BAT lilitokea chini ya kioo na halikuondoka. Betri zake ni zile fupi na nene kidogo, nami sijazipata katika duka lolote hapa mjini. Ndani ya kikokotoo kuna programu ambazo baba alizitunga mwenyewe, na ninaamini kuna pia namba za alama za mipaka ya viwanja alivyopima miaka yake ya mwisho, kwa kuwa daftari lake linaandika mara kwa mara "tazama R20 hadi R46" bila kutaja namba zenyewe.

Wazo langu lilikuwa hili: nizichomoe moduli tatu za kumbukumbu, nizifunge vizuri kwa karatasi ya nailoni, nimpe dereva wa basi azifikishe kwa binamu yangu Kampala, ambaye ana rafiki mwenye kikokotoo cha aina hiyo hiyo, naye azisome huko. Kikokotoo chenyewe naogopa kukipeleka kwa basi. Je, moduli hizo hutunza data bila umeme kama flashi ya kompyuta inavyofanya, na kama hutunza, ni kwa muda gani?

Fundi_wa_Ripon

Ndugu yangu, pole kwa msiba, hata kama ni wa siku nyingi. Tafadhali usichomoe chochote kabla hujasoma ujumbe huu hadi mwisho.

Jibu fupi la swali lako ni hapana. Moduli za kumbukumbu za HP-41C hazina betri ndani yake, na data iliyomo hupotea mara umeme wa kikokotoo unapokatika kwake. Ukizifikisha Kampala, binamu yako atapokea vipande vitatu vya plastiki visivyo na kitu.

Sababu yake inafaa kueleweka, maana neno "moduli" linatuchanganya wengi. Flashi huhifadhi data kwa kunasa chaji ya umeme ndani ya kisiwa kidogo kilichozungukwa na kihami pande zote, na chaji hiyo haina njia rahisi ya kutoroka, kwa hiyo hukaa humo miaka mingi bila kulishwa. Kumbukumbu ya HP-41C ni ya aina ya CMOS, na kila biti ndani yake ni sakiti mbili ndogo zinazoshikiliana, mfano wa watu wawili walioketi wameegemeana migongo: kila mmoja amesimamishwa na mwenzake, na wote wawili wanahitaji nguvu kidogo ya kukaa wima. Nguvu hiyo ni ndogo mno, na ndiyo maana kikokotoo kilichozimwa huweza kukumbuka kwa miezi kwa betri zile zile. HP ilianza kuuza vikokotoo vyenye kumbukumbu isiyofutika kwa kuzimwa mwaka 1976, kwa HP-25C, na HP-41C ilipotoka mwaka 1979 ilifuata njia hiyo hiyo. Lakini "isiyofutika kwa kuzimwa" si sawa na "isiyohitaji umeme". Ukizima, betri bado zinalisha. Ukichomoa, hakuna anayelisha.

Kuna jambo jingine ambalo ni baya kuliko hilo. Hata kama moduli zingeweza kubaki na data yake, zisingesomeka peke yake. HP-41C ina rejista 63 ndani yake (rejista ni chumba kimoja cha kumbukumbu, na hizo R20 za daftari ni namba za vyumba), na kila moduli huongeza 64, kwa hiyo cha baba yako kina rejista 255, kila moja ya baiti 7. Kikokotoo huzihesabu zote kuwa mstari mmoja mrefu: rejista za namba hukaa upande wa juu wa mstari huo, programu huwa chini yake, na mpaka baina yao umeandikwa katika kumbukumbu ya ndani ya kikokotoo, si ndani ya moduli. Programu moja ndefu inaweza kuanzia ndani ya moduli moja na kuishia ndani ya nyingine. Ukiondoa hata moja, mstari umekatika, na kikokotoo kikiwashwa na kukuta kwamba mahali kilipokuwa kinapategemea hapapo tena, hufuta kila kitu na kukuandikia MEMORY LOST, yaani kumbukumbu imepotea. Maneno hayo mawili nimewahi kuyaona, na sipendi wewe uyaone.

Moduli ya nne, ile ya upimaji, ni jamii tofauti kabisa ingawa umbo lake ni lile lile. Yaliyomo humo yalichorwa ndani ya chipu kiwandani, hayaandikiki wala hayafutiki, na ukiichomoa leo na kuirudisha mwakani itakuwa vile vile. Hiyo haikuhitaji wasiwasi, ila kumbuka daima kuzima kikokotoo kabla ya kuchomoa au kuchomeka moduli yoyote.

Basi ufanyeje? Nakili kwa macho na kalamu, leo, kabla ya kugusa betri. Ninajua inasikika kama kazi ya karani wa zamani, lakini rejista 255 ni baiti 1785 tu, na mtu mtulivu huzimaliza kwa siku mbili za jioni.

Anza na namba, kwa sababu programu unaweza kuzitunga upya lakini vipimo vya marehemu huwezi. Bonyeza FIX kisha 9 ili kioo kionyeshe tarakimu zote kumi, kwa maana baba yako huenda alikiacha kwenye FIX 2, nawe ungenakili tarakimu mbili tu baada ya nukta na kuacha zilizofichika. Kisha tumia kitufe cha RCL, kinachoita namba iliyomo kwenye rejista: RCL 00, RCL 01, na kuendelea, ukiandika kila moja na kuipiga picha kwa simu. Ukifika mwisho wa rejista zilizotengwa, kioo kitasema NONEXISTENT, nawe utajua kwamba zimekwisha. Usiguse STO, inayoandika namba mpya juu ya iliyopo, kwa bahati mbaya, maana imepakana na RCL.

Programu zinafuata. CAT 1 huorodhesha majina yake. Unapoona jina unalolitaka, simamisha kwa R/S, kisha bonyeza PRGM, na tangu hapo tumia SST peke yake kusonga mstari kwa mstari. Katika hali hiyo ya PRGM kitufe chochote kingine utakachobonyeza hakitafanya hesabu bali kitaingizwa kwenye programu kama hatua mpya, na programu iliyoongezewa hatua moja isiyo yake huwa ngumu kuitambua baadaye. Usiondoe moduli ya upimaji wakati wa kazi hii. Ikiwa programu za baba zinaziita zile za moduli, basi ikiwemo utaona majina yake kamili. Ikitolewa utaona XROM na namba mbili tu, na hapo utahitaji mtu wa kukufasiria.

Kikokotoo hujizima chenyewe baada ya dakika kumi hivi bila kuguswa. Usishtuke, hakuna kilichopotea.

Mpima_Mstaafu

Mwanangu wa Mbale, nakupa mkono wa pole. Huenda nilimfahamu mzee wako, maana sisi wa kazi hiyo hatukuwa wengi, na wote tulipanga foleni ile ile Entebbe kwenye Idara ya Upimaji na Ramani, lakini hapa si mahali pa kuuliza majina.

Fundi amesema vema, nami naongeza la upande wa kazi yenyewe, kwa sababu kunakili namba bila kujua zinasema nini ni njia ya kukosea bila kujijua. Alama za mipaka karibu na mji wa Mbale, katika gridi ya UTM (mfumo wa kutaja mahali kwa mita) ya ukanda wa 36, huwa na umbali wa mashariki wa takriban 630,000 na wa kaskazini wa takriban 119,000, kwa mita. Kwa hiyo ukikuta rejista mbili zinazofuatana, moja ikianza na laki sita na ushei na nyingine na laki moja na ushei, hizo ni jozi ya alama moja. Ukikuta ya kwanza imeanza na laki nne na hamsini, hiyo ni ya upande wa Kampala. Ukikuta tarakimu imeruka kutoka laki sita hadi elfu sitini, umekosea kunakili nukta, rudia.

Pembe zina desturi yake. Namba kama 127.4530 mara nyingi haimaanishi nyuzi 127 na sehemu za desimali. Kikokotoo hiki kilitufundisha kuandika nyuzi, kisha nukta, kisha dakika tarakimu mbili na sekunde tarakimu mbili, kwa hiyo hiyo ni nyuzi 127, dakika 45, sekunde 30. Usiisahihishe wala usiigeuze. Iandike ilivyo, na pembeni uandike kwamba umeiona ilivyo.

Na jambo la mwisho, ambalo vijana hukwama nalo. Siku utakapokwenda na simu yako shambani kutafuta jiwe kwa namba hizo, utajikuta umesimama kwenye migomba ya jirani, na utadhani mzee alikosea. Hakukosea. Vipimo vyetu vilikuwa kwenye datamu (msingi wa kuhesabia mahali duniani) ya Arc 1960, na simu yako inatumia WGS 84. Baina ya hizo mbili, mahali pamoja huhitilafiana kwa takriban mita 300 katika nchi yetu. Mpima wa leo ataligeuza hilo kwa dakika chache, lakini mwambie mapema.

Kuhusu betri natofautiana kidogo na Fundi. BAT imewaka tangu wiki iliyopita, na anasema akae nayo jioni mbili zaidi huku kioo kikiwa kimewashwa. Mimi ningebadilisha betri kwanza. Tulizibadilisha porini, juu ya boneti la Land Rover, wala hatukupoteza chochote.

Fundi_wa_Ripon

Mzee wangu, nimekusikia, na kwa kikokotoo kipya cha mwaka 1980 ningekubaliana nawe bila kusita. Ndani yake kuna kapasita inayoshikilia kumbukumbu kwa muda mfupi wakati betri zimetolewa, na ndiyo iliyowaokoa pale juu ya boneti. Lakini kapasita hiyo sasa ina zaidi ya miaka arobaini, na sisi hatujui imebakiza nini. Vilevile mabati ya kugusana na betri kwenye HP-41 yako juu ya utepe mwembamba wa sakiti ambao huliwa na maji ya betri zilizovuja. Ukitoa betri, huenda ukagundua kwamba kilichokuwa kikipitisha umeme ni kutu iliyoshikamana kwa bahati tu, na ukizirudisha hazigusani tena. Hapo kapasita itangoja, itachoka.

Tuseme hivi, tukutane katikati: namba kwanza, usiku wa leo, ambazo kwa maelezo yake hazizidi mia. Kisha betri. Kisha programu kwa starehe, kwa betri mpya.

Siku ya kubadilisha, zima kikokotoo kwanza. Panga betri nne mpya mezani zikielekea zinavyoelekea kwenye kikasha, ili usianze kusoma alama za chanya na hasi huku saa inakimbia. Toa kikasha, badilisha, rudisha, ndipo uwashe. Ukiona ukungu mweupe kwenye mabati, mwache fundi ausafishe baada ya programu kunakiliwa, si kabla.

Betri zenyewe huitwa N au LR1, volti 1.5 kila moja. Hapa naomba usome taratibu. Maduka mengi yanayouza rimoti za magari na mageti yana betri ya 23A, ambayo kwa macho inakaribia kulingana nayo, na muuzaji anaweza kukupa kwa nia njema kabisa akidhani ni ile ile. Hiyo ni ya volti 12. Nne zake zikipangwa mstari mmoja ni volti 48 kwenye kifaa kilichotengenezwa kwa volti 6. Soma maandishi ya ubavuni kabla ya kulipa.

Kadi_Tupu

Mimi niko Arua, na ninaandika ili Mrithi asidhani kwamba moduli zote za zamani ni sawa na za HP-41. Zipo zenye betri yake ndani, na hizo kweli zinaweza kusafiri kwa basi. Mimi ninayo HP-48SX, ya mwaka 1990, ambayo kadi zake za kumbukumbu za kilobaiti 32 na 128 hubeba betri ndogo bapa ya CR2016, kwa hiyo kadi ikichomolewa huendelea kukumbuka. Sharp nao, kwa ile PC-1500, waliuza moduli za namna hiyo.

Ila hata hizo zina mtego wake, nami niliutumbukia kwa miguu yote miwili. Niliichomoa kadi, nikaiweka juu ya meza safi, nikatoa betri iliyochoka kwa uangalifu wa daktari wa upasuaji, nikaweka mpya, nikajipongeza. Kadi ilikuwa tupu. Betri ya kadi hubadilishwa kadi ikiwa ndani ya kikokotoo na kikokotoo kikiwa kimewashwa, kwa sababu wakati huo kadi hulishwa na betri za kikokotoo. Maelezo hayo yalikuwa kwenye kitabu cha mwongozo, na kitabu kilikuwa kwenye rafu iliyo nyuma ya kiti changu.

Kuhusu kadi za sumaku za HP-41, je, hazimfai? Kisoma kadi kina amri ya WALL inayoandika kumbukumbu nzima.

Fundi_wa_Ripon

Zingemfaa sana kama angekuwa na kisoma kadi kizima. Kadi moja hubeba rejista 16 kila upande, kwa hiyo kumbukumbu yake yote ingeingia kwenye kadi nane na nyingine kidogo kwa ajili ya hali ya kikokotoo, na kadi haihitaji umeme wowote kukumbuka. Lakini gurudumu la mpira ndani ya kisoma kadi cha umri huo huwa limeyeyuka na kuwa kama ulimbo, na kadi ikiingia humo hutoka imepakwa. Halafu mota yake hunyonya umeme mwingi, na betri za Mrithi ziko ukingoni. Kisoma kadi hukaa kwenye tundu la nne, kwa hiyo ingebidi atoe moduli ya upimaji. Hilo peke yake halina madhara.

Kwa aliye na moduli ya HP-IL, ile ya kuunganisha kikokotoo na vifaa vingine, kuna kifaa cha wapenzi wa vikokotoo kiitwacho PIL-Box kinachounganisha HP-41 na kompyuta ya leo, na kumbukumbu yote huhamia kwenye faili moja kwa amri ya WRTA. Ndiyo njia ninayoitumia mimi. Lakini kwa mtu mwenye BAT kwenye kioo na daftari mkononi, kalamu iko karibu zaidi.

Mrithi_Mbale

Wazee wangu na ndugu zangu, asanteni. Nimechelewa kurudi kwa kuwa nilitaka kurudi na habari.

Namba nilizinakili usiku ule ule, mama akinisomea na mimi nikiandika, kisha tukabadilishana tukahakiki. NONEXISTENT ilitokea nilipoita rejista ya 80. R20 hadi R46 ni namba za viwanja kama nilivyodhani, na jozi zote isipokuwa mbili zinaanza kama Mzee alivyosema, 630,000 na kitu kwa 119,000 na kitu. Jozi hizo mbili zinaanza na laki nne na hamsini, na mama amekumbuka kwamba baba aliwahi kumpimia shemeji yake kiwanja huko Kampala. Rejista tatu hazina namba bali herufi, kama vile "MS4", nami sijui ni nini.

Binamu yangu alituma betri kutoka Kampala kwa basi. Nilifungua bahasha, nikasoma ubavuni, na zilikuwa 23A. Fundi, Mungu akuzidishie. Amekwenda tena, akapata LR1 zenyewe katika duka la vifaa vya masikio na kamera. Nilibadilisha jana mchana, mama akiwa ameshika saa ya baba. Kikokotoo kimewaka, BAT haipo, na R20 ina namba ile ile. Mabati yana ukungu mweupe upande mmoja, sijaugusa. Sasa nimefika mstari wa 61 wa programu ya kwanza.

Mpima_Mstaafu

Herufi hizo ni majina ya mawe, mwanangu. Rejista moja hubeba herufi hadi sita, nasi tuliweka jina la jiwe kabla ya jozi ya namba zake. Angalia rejista mbili zinazofuata kila moja ya hizo, kisha tafuta "MS4" kwenye michoro ya daftari lake, ambayo bila shaka ameiandikia pembeni. Na mstari ukifika wenye neno XEQ, yaani amri ya kuendesha, nakili jina lote pamoja na alama ndogo ya T iliyoinuliwa mbele yake, maana ikiwepo anaita programu kwa jina, na isipokuwepo anaita kitu kingine.